Somo la 31: Nyota Huzaliwa, Nyota Hufa

1. Mwindaji wa mbinguni

Mvua za Desemba huosha mbingu. Mawingu yakiisha kupita, na mwezi usipokuwapo, nyota huonekana nyingi mno, safi kuliko wakati wa kiangazi, moshi wa majani yanayochomwa unapotanda kila mahali. Huo ndio wakati mzuri wa kujifunza habari za nyota.

Simameni nje kama saa mbili ya usiku, mkielekea mashariki, pale jua linapotokea asubuhi. Mtaona nyota tatu zimejipanga kwa mstari ulionyoka, kama watu watatu wanaofuatana katika njia ya shamba. Zina mwangaza karibu sawa, na nafasi kati yao ni sawa pia. Nyota hizo hutokea mashariki kabisa, tena huzama magharibi kabisa. Mtu aliyepotea njia usiku aweza kuzitumaini. Kule Kisangani hupita juu ya kichwa. Kule Lubumbashi hupita juu sana, kidogo upande wa kaskazini.

Sasa tazameni kushoto kwa nyota zile tatu. Iko nyota moja kubwa, rangi yake ni ya wekundu kama kaa la moto. Jina lake ni Betelgeuse. Kulia, upande wa kusini, iko nyingine kubwa, nyeupe yenye kuelekea buluu. Jina lake ni Rigel. Wagiriki wa kale walisema kwamba nyota hizi zote pamoja ni mfano wa mwindaji, wakamwita Orioni. Nyota tatu za katikati ni mshipi wake. Waarabu nao walizipa nyota zake majina: Rigel maana yake ni mguu, na Betelgeuse ni jina lililotokana na neno la mkono. Orioni ametajwa hata katika Biblia, katika kitabu cha Yobu, pamoja na Kilimia. Kilimia ni lile fungu dogo la nyota lililo juu zaidi, upande wa kushoto. Jina lake latoka katika neno kulima, kwa maana wakulima wa pwani ya Afrika ya mashariki walilitazama ili wajue majira ya kulima.

Rudini tena katika mshipi. Kuliani mwake, kuelekea kusini, mna nyota ndogo chache zilizojipanga kama upanga unaoning'inia katika mshipi wa mwindaji. Itazameni vizuri ile ya katikati. Nyota nyingine ni kama ncha ya sindano; hii imefifia pembeni, kama taa inayowaka katika ukungu wa alfajiri. Somo hili ni la doa hilo dogo, na la nyota kubwa zinazoonekana karibu nalo.

2. Taa katika ukungu

Doa lile si nyota moja. Ni wingu. Wenye elimu huliita nebula. Ni neno la Kilatini, maana yake ukungu. Lakini si wingu la maji kama mawingu ya mvua. Ni wingu la gesi, yaani kitu chepesi cha namna ya hewa, pamoja na vumbi laini kama masizi ya taa. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni hidrojeni. Hidrojeni hiyo hiyo imo katika maji tunayokunywa, imeungana na oksijeni.

Wingu hili liko mbali kadiri gani? Kilometa hazifai kuhesabia umbali huo, maana tarakimu zingejaza ubao. Wenye elimu hupima kwa mwendo wa mwanga. Mwanga hukimbia kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka mwezini hutufikia kwa muda wa sekunde moja na kidogo. Kutoka katika jua hutufikia kwa dakika 8. Kutoka katika wingu la Orioni husafiri zaidi ya miaka 1,300. Basi mwanga unaoingia jichoni mwa mtoto usiku huu ulianza safari zamani za mababu wa mababu zake.

Na ukubwa wake? Mwanga ukitaka kuvuka wingu hili toka upande mmoja hata upande wa pili, hutumia zaidi ya miaka 20. Mtoto aliyezaliwa siku mwanga ulipoanza kuvuka angekuwa mtu mzima kabla haujafika. Gesi ya wingu ni nyembamba sana, nyembamba kuliko hewa ya juu ya milima mirefu maelfu na maelfu ya mara. Lakini kwa kuwa nafasi ni kubwa mno, gesi yote pamoja yatosha kufanya majua karibu 2,000.

Kwa nini wingu hili lang'aa? Watu wa Goma wameona mara nyingi usiku mawingu mekundu juu ya mlima Nyiragongo. Mawingu yale hayana moto. Moto uko chini yao, katika shimo la mlima, nayo huangazwa tu. Katika Orioni pia mna moto unaoangaza. Katikati ya wingu zimo nyota nne changa zilizo karibu karibu. Iliyo kubwa kuliko zote ina uzito wa majua zaidi ya 30, na uso wake una joto la digrii karibu 40,000. Lakini kuna tofauti. Mawingu ya Nyiragongo hurudisha tu mwanga yanaoupokea. Gesi ya Orioni hupigwa na miali mikali ya nyota zile hata yenyewe inatoa mwanga wake.

3. Watu waliolichunguza wingu

Galileo, mtaalamu wa Italia, ni mmoja wa watu wa kwanza waliotazama mbingu kwa darubini. Alihesabu nyota nyingi katika mshipi na upanga wa Orioni, lakini wingu hakulitaja. Mwaka wa 1610 Mfaransa mmoja, jina lake Nicolas-Claude Fabri de Peiresc, aliliona kwa darubini na kuliandika katika karatasi zake. Karatasi hizo zilikaa karibu miaka 300 bila kujulikana. Mwaka wa 1619 Padri Johann Baptist Cysat, Mjezuiti wa Uswisi, alitoa kitabu cha nyota yenye mkia iliyoonekana mwaka uliotangulia. Akitaka kueleza jinsi nyota ile ilivyofifia, aliifananisha na wingu lililo katika upanga wa Orioni. Mwaka wa 1656 Mholanzi Christiaan Huygens alilichora, na picha yake ikachapwa katika kitabu mwaka wa 1659.

Hata hivyo neno moja lilibaki fumbo. Je, doa lile ni wingu kweli, au ni nyota nyingi mno, zilizo mbali hata zaonekana kama unga uliomwagika? Kuitazama darubini hata macho yakauma hakukutosha. Ilipasa kuuchunguza mwanga wenyewe.

Jambo hili laweza kuonekana jikoni. Tupeni chumvi kidogo motoni: ndimi za moto zitakuwa za manjano. Wafua shaba wa Katanga wajua kwamba shaba ikiwa motoni huupa moto rangi ya kijani. Kila kitu kikipata moto sana hutoa rangi zake chenyewe, kama vile kila mtu ana sauti yake. Mtu akipitisha mwanga katika kioo chenye pembe tatu, rangi zake hutengana kama katika upinde wa mvua. Hapo aweza kujua mwanga ule umetoka katika kitu gani, hata kama kitu hicho hakifikiki kamwe.

William Huggins wa Uingereza alitumia kioo cha namna hiyo. Mwaka wa 1864 alichunguza wingu jingine la mbinguni, na mwaka wa 1865 akaeleza habari za wingu la Orioni. Kama lingekuwa fungu la nyota tu, angeona rangi zote za upinde wa mvua zimeungana. Hakuona hivyo. Aliona mistari michache tu ya rangi, tena iliyong'aa kuliko yote ni ya kijani. Basi fumbo likafumbuliwa: ni gesi.

Lakini mistari ile ya kijani haikufanana na rangi ya kitu chochote kilichojulikana duniani. Watu wakadhani kwamba mbinguni kuna kitu kigeni kisichokuwapo kwetu. Wazo hili lilidumu zaidi ya miaka 60. Mwaka wa 1927 Mmarekani Ira Bowen alionyesha kwamba kitu kile si kigeni hata kidogo. Ni oksijeni. Kwa sababu gesi ya kule ni nyembamba mno, oksijeni hutoa rangi ambayo haionekani katika hewa nzito ya dunia. Kitu watu walichokidhania kuwa kigeni cha mbinguni ndicho kile wanachokivuta puani kila siku.

4. Jinsi nyota inavyozaliwa

Nyuma ya wingu linalong'aa liko wingu jingine, kubwa zaidi, jeusi na baridi sana. Baridi yake yafika digrii 250 chini ya ile ya barafu. Humo ndimo nyota huzaliwa.

Mawingu meusi ya namna hii yako mahali pengi katika Orioni. Mojawapo liko karibu na nyota ya mwisho ya mshipi. Lina umbo la kichwa cha farasi. Aliyeligundua ni mama mmoja, Williamina Fleming, mwaka wa 1888, alipochunguza picha za nyota zilizopigwa katika chuo cha Harvard, Marekani. Mama huyo alianza kama mtumishi wa nyumbani wa mkubwa wa nyumba ile ya nyota. Kwa bidii yake na macho yake mazuri akawa mtaalamu mwenye sifa.

Kila kitu huvuta kitu kingine. Nguvu hii ya mvuto ndiyo inayoangusha embe kutoka mtini. Katika wingu jeusi, mahali gesi inapokuwa nzito kidogo kuliko pengine, huvuta gesi ya jirani. Ikiisha kuivuta, huwa nzito zaidi, nayo huvuta zaidi tena. Haba na haba hujaza kibaba. Hivyo bonge huanza kukusanyika.

Gesi ikishindiliwa hupata joto. Anayejaza upepo katika mpira wa baisikeli aijua habari hii: pampu yenyewe hupata joto mkononi. Bonge la gesi hushindiliwa na uzito wake lenyewe, mwaka kwa mwaka, maelfu ya miaka na zaidi. Katikati joto huongezeka, hata likifika digrii milioni 10 hivi, jambo jipya hutokea. Chembe za hidrojeni huungana na kuwa kitu kingine kiitwacho heliamu, nazo zikiungana hutoa nguvu nyingi ajabu. Nguvu hiyo husukuma kutoka ndani kwenda nje, na uzito husukuma kutoka nje kwenda ndani. Zikilingana, bonge halianguki tena. Limekuwa nyota.

Katika wingu la Orioni mna nyota changa zaidi ya 2,000. Nyingi hazijafikia miaka milioni 3. Kwa nyota huo ni utoto. Darubini Hubble, iliyopelekwa juu ya hewa ya dunia mwaka wa 1990, iliona zaidi ya nyota 150 ambazo bado zimezungukwa na gesi na vumbi, kama sahani inayozunguka. Vumbi la namna hiyo ndilo linalojikusanya kuwa sayari. Jua letu nalo lilizaliwa hivyo miaka milioni 4,600 iliyopita, na dunia yetu ilifanyika kwa mabaki yaliyolizunguka.

Mwanga wa kawaida haupenyi katika vumbi zito. Lakini mwanga wa joto, usioonekana kwa macho, hupenya. Kwa hiyo darubini nyingine, James Webb, ilitengenezwa ili ione mwanga huo. Ilirushwa siku ya Noeli, tarehe 25 Desemba 2021, kutoka Kourou katika Guyana ya Wafaransa, nayo imechungulia ndani ya wingu la Orioni, mahali ambapo nyota bado zimefunikwa.

5. Majitu mawili

Sasa ni habari za Betelgeuse na Rigel. Zaonekana jirani ya wingu, lakini sivyo. Taa iliyo kwenye kilima cha karibu na moto ulio kwenye mlima wa mbali huonekana usiku kama viko pamoja. Vivyo hivyo nyota hizi mbili ziko mbele ya wingu, karibu zaidi nasi. Mwanga wa Rigel husafiri miaka kama 860 kabla ya kutufikia. Ule wa Betelgeuse husafiri kati ya miaka 500 na 700.

Kwa nini moja ni nyekundu na nyingine nyeupe? Mwulizeni mhunzi. Chuma kinapoanza kupata moto huwa chekundu. Mvukuto ukiendelea kupuliza, huwa cha manjano. Kikipata moto mkali kabisa huwa cheupe. Nyota ni vivyo hivyo. Uso wa Betelgeuse una digrii karibu 3,300, nayo ni nyekundu. Uso wa jua una digrii karibu 5,500. Uso wa Rigel una digrii karibu 12,000, nayo yaelekea buluu. Padri Angelo Secchi, Mjezuiti aliyekuwa na darubini yake juu ya paa la kanisa la Mtakatifu Inyasi huko Roma, alichambua mwanga wa nyota zaidi ya 4,000, akazigawa katika mafungu kwa rangi za mwanga wake. Betelgeuse aliiweka katika fungu la nyota nyekundu.

Nyota zote mbili ni majitu. Tarehe 13 Desemba 1920, juu ya mlima Wilson katika Marekani, Albert Michelson na Francis Pease walipima upana wa Betelgeuse. Kabla ya siku ile hakuna mtu aliyekuwa amepima upana wa nyota yoyote isipokuwa jua. Twajua sasa kwamba upana wake ni zaidi ya mara 600 ule wa jua. Kama jua lingekuwa punje ya haragwe yenye sentimeta 1, Betelgeuse ingekuwa kubwa kama nyumba ya meta 6 na zaidi, na dunia ingekuwa chembe ndogo ya vumbi, si rahisi kuiona. Na kama jitu hili lingewekwa mahali pa jua, lingeimeza dunia, na hata sayari Mirihi iliyo ng'ambo yetu.

Rigel si pana kadiri hiyo, lakini kwa mwangaza yashinda majua zaidi ya 50,000 yakiwekwa pamoja.

Mtu aweza kudhani kwamba nyota iliyo kubwa hivyo itadumu kuliko nyingine zote, kwa kuwa ina kuni nyingi. Ni kinyume. Mama mwenye akiba hupanga kuni tatu jikoni, nazo hutosha mpaka chakula kiive. Moto mkubwa wa sherehe hula mzigo mzima, na kabla ya usiku wa manane yamebaki majivu tu. Jua letu hutumia hidrojeni yake polepole. Limeishi miaka milioni 4,600 na limebakiza kiasi kama hicho. Betelgeuse ilizaliwa miaka kama milioni 10 tu iliyopita, nayo imekwisha zeeka.

6. Kifo cha jitu

Jitu likimaliza hidrojeni ya katikati, hujishindilia zaidi, na joto huzidi. Sasa huunganisha heliamu na kufanya kaboni, ndicho kitu cha makaa. Halafu hufanya oksijeni, na vitu vingine vizito zaidi, kila kimoja kwa muda mfupi kuliko kilichotangulia. Mwisho hufanya chuma. Hapo ndipo penye hatari. Chuma kikiunganishwa hakitoi nguvu yoyote. Nguvu iliyokuwa ikisukuma kutoka ndani hukoma, na kiini cha jitu hujiangukia chenyewe kwa muda mfupi kuliko kusali Salamu Maria moja. Kisha nyota hupasuka.

Jambo hili watu wamekwisha liona. Mwezi wa Julai mwaka wa 1054, wenye elimu wa China waliandika kwamba nyota mpya imetokea, ikang'aa hata mchana kwa muda wa siku 23. Usiku iliendelea kuonekana karibu miaka miwili. Mahali pale, si mbali na Orioni upande wa kaskazini, darubini huonyesha leo wingu lililochanikachanika, nalo lingali likitawanyika. Hayo ni mabaki ya jitu lililokufa.

Mwisho wa mwaka wa 2019 Betelgeuse ilianza kufifia. Mwezi wa Februari 2020 ilikuwa imepoteza karibu theluthi mbili za mwangaza wake, na kila mtu aliyeijua aliona tofauti kwa macho yake. Watu wengi walisema kwamba siku yake imefika. Wengine waliogopa. Wataalamu hawakuthibitisha wala kukanusha kwa haraka, walipima. Darubini kubwa iliyo katika nchi ya Chile ilionyesha kwamba upande mmoja tu wa nyota umekuwa mweusi. Nyota ilikuwa imetema gesi, gesi ikapoa ikawa vumbi, na vumbi likaziba mwanga. Baada ya miezi michache mwangaza ulirudi. Mwaka wa 2021 maelezo hayo yalichapwa kwa wote.

Siku moja Betelgeuse itapasuka kweli. Yaweza kuwa baada ya miaka 100,000. Itakapopasuka itaangaza karibu kama nusu ya mwezi, nayo itaonekana hata mchana. Lakini haitadhuru dunia, maana iko mbali mno. Mtu asidanganywe na wale wanaotangaza mwisho wa dunia kila nyota inapobadilika. Mwenye kujua hutazama, hupima, hungoja.

7. Mavumbi

Jitu likipasuka, vitu vyote lilivyovifanya hutupwa mbali: kaboni, oksijeni, chuma na vingine. Huingia katika mawingu ya gesi, na katika mawingu hayo nyota mpya huzaliwa. Basi jitu halifi bure. Wingu la Orioni lina oksijeni kwa sababu nyota zilizotangulia zilikwisha kuipika na kuitoa.

Wingu lililozaa jua letu lilikuwa vivyo hivyo. Chuma cha jembe, shaba ya Katanga, chokaa iliyo katika mifupa, na wekundu wa damu unaotokana na chuma, vyote vilifanyika katika nyota zilizokufa kabla ya jua kuwapo. Hakuna mtu, tajiri wala maskini, ambaye mwili wake umetoka mahali pengine.

Siku ya Jumatano ya Majivu padri huwapaka Wakristo majivu katika paji la uso, akiwakumbusha kwamba wao ni mavumbi. Neno hilo hunyenyekeza, nalo ni kweli. Lakini mwanafunzi aliyesoma somo hili ajua pia kwamba Mwumba hakuyaokota mavumbi hayo ovyo. Aliyatayarisha kwa miaka maelfu ya milioni katika tanuru za mbinguni, kabla mtu wa kwanza hajavuta pumzi. Na kazi hiyo haijakwisha. Usiku huu, katika doa lile dogo la upanga wa Orioni, nyota zinazaliwa.

Maneno ya kukumbuka

Nebula: wingu la gesi na vumbi katika anga la nyota.
Mvuto: nguvu inayofanya kila kitu kuvuta kingine.
Hidrojeni: gesi iliyo nyepesi kuliko zote, ndiyo kuni za nyota.
Darubini: chombo chenye vioo cha kutazamia vitu vilivyo mbali.
Jitu: hapa, nyota kubwa mno kuliko jua.

Maswali

1. Nyota tatu za mshipi wa Orioni hutokea upande gani, na huzama upande gani?
2. Neno nebula lina maana gani katika Kilatini?
3. Mwanga wa wingu la Orioni hutumia miaka mingapi kutufikia?
4. Huggins alijuaje kwamba nebula ni gesi wala si fungu la nyota?
5. Mistari ya kijani ilitoka katika kitu gani? Nani alikitambua, na mwaka gani?
6. Elezeni kwa mfano wa pampu jinsi bonge la gesi linavyopata joto.
7. Kati ya Rigel na Betelgeuse, ipi ina uso wenye joto zaidi? Rangi yake yatufundishaje?
8. Kwa nini jitu huishi miaka michache kuliko jua?
9. Ni nini kilichoifanya Betelgeuse ififie mwaka wa 2019 na 2020?
10. Chuma kilicho katika damu kilitoka wapi?

Kazi

a) Usiku mmoja usio na mawingu, tafuteni mshipi, Betelgeuse, Rigel, Kilimia na doa la upanga. Choreni mlivyoviona, mkiandika siku na saa.
b) Kaeni karibu na jiko la makaa au karakana ya mhunzi. Andikeni rangi za moto kwa utaratibu, toka ulio hafifu hata ulio mkali.
c) Waulizeni wazee nyumbani majina ya nyota katika lugha yao, na kazi walizozianza walipoziona. Yaandikeni katika daftari, yasipotee.